Sekunde Hamsini na Nne

Saa tano na dakika nne asubuhi Inspekta alipanda ngazi za kituo cha simu za dharura vidato viwili viwili. Konstebo aliyekuwa nyuma yake alishangaa. Miaka sita alikuwa amefanya kazi na mama huyu na hakuwahi kumwona akikimbia. Kituoni kwao polisi wenzake walimpa jina la Bi Taratibu, na yeye alilijua na hakulikataa.

"Afande, tunafukuzwa?"

"Tunafukuzwa na saa. Panda."

Saa nane mchana mpokea simu wa zamu ya Jumatatu angesimamishwa mbele ya hakimu kwa uzembe uliosababisha kifo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, na hii ilikuwa siku yake ya pili mahabusu. Ushahidi dhidi yake ulikuwa sauti. Jumatatu alasiri mama mmoja, peke yake nyumbani, alipiga namba ya dharura akasema kifua kinambana, akataja mtaa na namba ya nyumba. Kinasa sauti kilimnasa mpokea simu akijibu, "Subiri, mama. Subiri kidogo." Hapo sauti ilikatika. Sekunde arobaini na saba, basi. Gari la wagonjwa halikwenda. Mume wa yule mama, ambaye kazi yake ni kupaka rangi, alirudi jioni akamkuta sakafuni, na simu imetumbukia kwenye beseni la maji.

Mgane huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la polisi tangu jana yake. Hakupiga kelele. Kila aliyepita mbele yake alimwambia neno moja: "Alimkatia."

Mpokea simu alisema hakumkatia. Alisema waliongea kama dakika tatu, mpaka yule mama aliponyamaza. Barua ya kuomba kumbukumbu za kampuni ya simu ilikuwa imepelekwa, na majibu huchukua siku kumi na nne.

Chumba cha mitambo kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya pili. Nje jua lilikuwa linachoma, lakini Fundi wa kompyuta aliwafungulia mlango akiwa na sweta nzito na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Alikuwa mtu mzima, hamsini na kitu. Kipoza hewa juu ya kichwa chake kilidondosha maji kwenye ndoo, tone moja moja.

"Karibuni kwenye jokofu," alisema. "Mitambo inapenda baridi. Mimi hawaniulizi napenda nini."

Inspekta hakukaa. "Nani anaweza kugusa mafaili ya sauti?"

"Kugusa au kuangalia?"

"Kugusa."

"Mmoja tu. Mwenye ufunguo mkuu. Meneja."

"Na wewe?"

"Mimi ni mlinzi wa getini, afande. Naona nani kabeba mzigo. Sifungui mzigo."

"Meneja anasema tofauti. Anasema wewe ndiye unayeshinda humu. Anasema kama kuna mkono umepita kwenye sauti, muulizeni Fundi."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. "Kasema hivyo? Shemeji yangu?"

"Ni shemeji yako?"

"Kaoa dada yangu. Na kazi hii kanipa yeye. Kila tukikaa mezani ananikumbusha, mbele ya watoto."

Konstebo aliandika. Inspekta alimtazama Fundi mikono. Ilikuwa imetulia.

"Kwa hiyo una sababu ya kumlinda."

"Nilikuwa nayo mpaka dakika hii." Fundi alivuta kiti, akageuza kioo cha kompyuta upande wao. "Njoo uone kitu."

Kwenye kioo kulikuwa na orodha ndefu: tarehe upande mmoja, namba upande wa pili.

"Zamani, kazini kwingine, nilihamisha mafaili mia tatu siku moja," Fundi alisema. "Nikaenda nyumbani nikalala kama mfalme. Asubuhi nakuta majina yote yapo, na ndani hamna kitu. Baiti sifuri, yote mia tatu. Nilifukuzwa kabla ya chai. Tangu hapo nimeandika programu yangu ndogo. Kila siku saa moja asubuhi inakwenda kwenye mtandao inaiuliza seva, mtambo unaotunza mafaili: faili hili lina ukubwa gani? Haishushi faili. Inabisha hodi tu, na seva inajibu mlangoni: aina yake hii, tarehe yake hii, ukubwa wake huu. Ni kama kumuuliza mpishi sufuria ina kiasi gani bila kupakua."

"Faili la Jumatatu."

Fundi aliweka kidole kwenye kioo.

Jumanne, saa moja asubuhi: 1,528,044.

Jumatano, saa moja asubuhi: 376,044.

Alhamisi, 376,044. Leo Ijumaa, 376,044.

Konstebo aliacha kuandika. Tone lilidondoka kwenye ndoo.

"Kwa nini hukusema?" Inspekta aliuliza.

"Nilisema. Jumatano hiyo hiyo nilimwendea Meneja, nikamwambia, shemeji, faili limepungua. Akasema kasafisha kelele. Nikameza." Fundi aliangalia ndoo. "Mtu akikupa kazi, afande, unajifunza kumeza."

"Sekunde moja ya sauti ni baiti ngapi?"

"Elfu nane. Kinasa sauti chetu cha kizamani, hakibani chochote. Mtu apige kelele, mtu anyamaze kimya, sekunde ni elfu nane ile ile. Halafu baiti arobaini na nne za mwanzo, hizo ni utambulisho wa faili."

Inspekta alichukua kalamu ya Konstebo, akapiga hesabu kwenye kiganja. Alitoa arobaini na nne, akagawa kwa elfu nane. Faili la leo: arobaini na saba. Faili la Jumanne: mia moja tisini na moja.

"Dakika tatu na sekunde kumi na moja," alisema.

"Kama alivyosema msichana," Konstebo alisema. "Kama dakika tatu. Afande, tumemaliza!"

"Hatujaanza. Hii ni namba kwenye kompyuta ya mtu mwenye ugomvi na shemeji yake. Mwendesha mashtaka atasema Fundi kaiandika mwenyewe leo asubuhi." Alimgeukia Fundi. "Namba haiongei. Nataka sauti. Kuna nakala?"

"Ipo Hazina. Ndiyo seva yetu ya pili, iko mji mwingine, inatunzwa na watu wengine. Kila jioni inachota mafaili mapya. Mapya tu, hairudii yale iliyokwisha kuyachukua."

"Basi lile la Jumatatu ililichukua Jumatatu jioni. Likiwa zima."

"Zima. Lakini Ijumaa..." Fundi aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na tisa. "Ijumaa saa sita kamili Hazina inalinganisha kila kitu na huku. Lililobadilika huku, kule linafutwa na kuwekwa la huku."

Inspekta alikaa.

"Ulizia ukubwa wa lile la Hazina. Sasa."

Fundi alibadilisha mstari mmoja kwenye programu yake, akaweka anwani ya Hazina, akabonyeza. Jibu lilichukua sekunde kadhaa kurudi.

5,310.

"Wamelimaliza na huko," Konstebo alinong'ona.

Fundi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Basi tena. Hiyo haifiki hata sekunde moja."

"Ndiyo maana siipendi," Inspekta alisema. "Mtu anayekata sauti ili kudanganya anaacha kitu cha kusikilizwa. Huku ameacha sekunde arobaini na saba. Kule aache nusu sekunde ya nini? Uliza faili jingine. La Jumapili."

5,310.

"La mwezi uliopita."

5,310.

"Wagonjwa watatu wamepanda mizani, wote uzito mmoja mpaka gramu ya mwisho. Fundi, huwapimi wagonjwa. Unapima kiti."

Fundi alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Mlango! Napima mlango! Hazina walibadilisha nywila mwezi uliopita. Nikiuliza faili, wananirudisha kwenye ukurasa wa kuingilia, na programu yangu mjinga inapima ukurasa huo. Afande, kosa langu ni lile lile. Nikipata namba nafurahi, siulizi imetoka kwa nani."

"Nywila mpya?"

"Waliileta kwa barua."

"Barua iko wapi?"

Fundi alifungua kabati. Bahasha zilimwagika mpaka kwenye viatu vya Konstebo.

Walipekua wote watatu, wamepiga magoti. Kulikuwa na risiti za betri, kadi za harusi, barua za onyo, cheti cha Fundi cha kozi ya siku mbili. Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa mkuu wake.

"Gari la mahabusu linaondoka saa saba na nusu," sauti ilisema. "Una kitu au huna?"

"Nina namba."

"Hakimu hasikilizi namba."

"Najua, mkuu." Alikata, akarudi sakafuni.

Konstebo ndiye aliyeipata, ndani ya mwongozo wa kipoza hewa. Fundi aliiandika nywila kwa vidole viwili, akakosea, akaiandika tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na tisa. Aliuliza ukubwa.

1,528,044.

"Ipo," Fundi alisema. "Nzima. Haijaguswa."

"Ishushe."

"Ngoja nikuambie kwanza. Hazina wanagawa kwa kijiko. Mtu wa nje anapewa baiti elfu moja kwa sekunde, hazizidi."

Inspekta alifunga macho kidogo, midomo ikahesabu. "Sekunde moja ya sauti itachukua sekunde nane kushuka. Faili zima..."

"Dakika ishirini na tano na ushei. Tunazo kumi na nane."

"Wapigie. Waahirishe huo ulinganisho."

Fundi alipiga, akaweka sauti ya nje. Simu iliita mara kumi na moja. Mwanamke aliyepokea alikuwa anatafuna kitu. Inspekta alijitambulisha kwa cheo, akaeleza kwa sentensi tatu.

"Nimekuelewa, mama," mwanamke alisema. "Andika barua, ipitie kwa mkurugenzi, muhuri usisahau."

"Dada, imebaki robo saa."

"Ndiyo maana nakuambia uandike mapema."

Simu ilikatwa.

"Chomoa seva ya hapa," Konstebo alisema. "Hazina ikija saa sita, ikute hakuna mtu nyumbani."

Fundi alitikisa kichwa. "Seva hii hii ndiyo inayopokea simu. Nikichomoa, namba ya dharura ya mji mzima inanyamaza. Kuiwasha tena ni nusu saa."

Kutoka upande wa pili wa ukuta zilisikika sauti za wapokea simu. Mmoja alikuwa anarudia jina la mtaa. Mwingine alisema, mlaze ubavu, mlaze ubavu.

"Haichomolewi," Inspekta alisema. "Fundi, sekunde arobaini na saba za mwanzo tunazo tayari. Ni zile zile. Kwa nini tuzinunue mara mbili? Unaweza kuanzia katikati?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa pesa kwenye mfuko wake mwenyewe. "Naweza. Nikiiambia seva, nipe kuanzia baiti hii, inatoa kuanzia hapo." Akaandika. Aliuliza tena kwanza kama Hazina inakubali vipande, ikajibu inakubali. Saa sita kasoro dakika kumi na tatu. "Zimebaki sekunde mia moja arobaini na nne za sauti. Zote ni dakika kumi na tisa. Hazitoshi bado, afande. Kwa muda tulionao utapata sekunde tisini. Uchague tisini zipi. Za katikati, au za mwisho."

Inspekta alinyoosha mkono. "Konstebo, maelezo ya mshtakiwa. Soma baada ya 'subiri kidogo'."

Konstebo alifungua jalada. "'Nilimwambia yule mama asubiri. Nikamwita Meneja, akaja kwenye meza yangu. Nikamuuliza gari liko wapi. Akanijibu. Akaondoka. Baada ya hapo nilibaki naye kwenye simu mpaka akanyamaza.'"

"Meneja anakuja mwanzoni," Inspekta alisema. "Mwisho ni wao wawili tu."

"Mwisho ndipo mama wa watu alipokufa," Fundi alisema kwa upole.

"Najua ni wapi alipokufa." Alitazama saa. "Anzia sekunde ya arobaini na saba."

Fundi alibonyeza saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Chini ya kioo namba ilianza kupanda. 1,000. 2,000. 3,000.

Ilipofika 190,000 mlango ulifunguliwa bila hodi. Meneja alikuwa mtu mrefu, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni.

"Shemeji, una wageni hata hukuniita? Nyumba hii haina adabu?"

"Wamekuja kuangalia kipoza hewa," Fundi alisema bila kugeuka.

Meneja alicheka peke yake. Kisha akaiona namba. "Mnashusha nini?"

"Sauti," Inspekta alisema.

"Hati ya upekuzi mnayo?"

Inspekta alimpa. Meneja aliisoma haraka, akairudisha. "Inasema ofisi ya wapokea simu. Hapa si ofisi ya wapokea simu."

"Mstari wa nne. Inasema jengo."

"Sioni."

"Soma tena, baba. Taratibu tu."

Meneja aliusoma mstari wa nne. 305,000. Aliusoma tena. Jasho lilikuwa limetokea juu ya mdomo wake. Akakunja hati, akaanza kusogea kuelekea ukutani, palipokuwa na swichi kubwa nyekundu ya umeme wa mitambo, pembeni ya swichi ya kipoza hewa.

"Humu mna joto kweli," alisema. "Ngoja nirekebishe."

"Joto?" Fundi aligeuka sasa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. "Shemeji, mimi hapa meno yanagongana."

Konstebo alishawahi. Aliegemea ukuta, swichi zote mbili zikawa nyuma ya mgongo wake mpana. "Pole, mzee. Na mimi nasikia baridi. Ukuta una joto."

"Kijana, ondoka hapo."

"Keti, Meneja," Inspekta alisema. "Gari la wagonjwa lilikuwa wapi Jumatatu saa kumi?"

"Gereji. Kitabu cha magari kinaonyesha."

"Nimekiona kitabu. Nani alikiandika?"

"Mimi ndiye msimamizi."

"Sikukuuliza wewe ni nani."

"Nilikiandika mimi."

"Saa ngapi?"

"Siku hiyo hiyo."

"Kwa nini Jumatatu imeandikwa kwa wino wa kijani na siku nyingine zote ni bluu?"

Meneja alishika mfuko wa shati, mkono ukafunika kalamu zote tatu. 480,000. Ndoo ilikuwa inakaribia kujaa na hakuna aliyeigusa. Fundi alikuwa ameinamia kioo na kutaja elfu moja moja kwa midomo bila sauti. Upande wa pili wa ukuta mtu alisema, yupo anapumua? sawa, yupo anapumua.

600,000.

"Ufunguo mkuu unao hapo?" Inspekta alimuuliza Meneja.

"Uko nyumbani."

"Ungeweza kuzuia ulinganisho wa leo kwa ufunguo huo. Kwa kubonyeza mara moja. Natoa nafasi hiyo mbele ya mashahidi wawili."

"Nimesema uko nyumbani."

"Andika, Konstebo. Amesema hivyo saa sita kasoro dakika moja."

710,000. 715,000. Mkono wa saa ya ukutani ulifika juu. Namba ilifika 720,000 ikasimama. Fundi alisubiri. Alibonyeza kuomba iliyobaki, Hazina haikujibu. Aliuliza ukubwa wa faili.

376,044.

"Limekwenda," alisema.

Alichukua vipande viwili, cha huku na cha kule, akavibandika kimoja nyuma ya kingine. Kama vingetoka kwenye faili tofauti, mahali pa kuungia sauti ingesikika ikigonga. Akawasha spika.

Sauti ya mama ilisema kifua, ikasema mtaa, ikasema nyumba yenye geti la bati. Sauti ya msichana ilijibu, "Subiri, mama. Subiri kidogo," na bila kugonga, bila kupumua, ikaendelea, "usikate simu, mimi sikati, nipo."

Konstebo alitazama chini.

Kiti kilikwaruza. Msichana aliita, "Bosi! Kuna mama kifua kinambana, gari liko wapi?" Nyayo. Kisha sauti ya mwanamume, karibu kabisa na kinasa sauti.

"Gari halipo."

"Liko wapi?"

"Limebeba makabati yangu, nahamia nyumba mpya. Litarudi jioni. Mwambie asubiri."

"Bosi, huyu hasubiri."

"Mwambie achukue teksi. Na usiandike popote, umenisikia? Unataka kazi au hutaki?"

Nyayo ziliondoka. Msichana alirudi kwenye simu. Alisema, "Mama, gari limechelewa. Nampigia jirani yako, nani yupo karibu?" Mama alitaja mtu, msichana akapiga kwa simu nyingine, ikaita na kuita. Alisema, "Hapokei. Lakini mimi nipo." Mama alianza kusema kitu. "Mdogo wangu, mwambie mume w..."

Sauti ikaisha.

Meneja alikuwa bado amesimama. Konstebo alimtoa kalamu mfukoni moja moja, ya kijani akaitia kwenye bahasha, kisha akamshika mkono. Mlangoni Meneja aligeuka. "Dada yako atakula nini?"

"Atakula kwangu," Fundi alisema.

Saa saba na dakika kumi Inspekta alikuwa mezani kwake. Mkuu wake alisikiliza mara moja, akasaini, akaondoka. Gari la mahabusu liliambiwa lisisubiri. Kilichobaki kilikuwa benchi la nje.

Alimwita mgane, akamketisha, akamchezea sauti yote. Mgane alisikiliza ameinama, viganja kwenye magoti, rangi nyeupe imeganda kwenye kucha. Maneno "mimi sikati, nipo" yalipopita, aliinua kichwa. Ilipokatika katikati ya "mume w", aliendelea kusubiri.

"Iliyobaki iko wapi?"

"Haipo. Imefutwa saa sita."

"Ilikuwa ndefu?"

"Sekunde hamsini na nne."

"Unajuaje kama haipo?"

"Nilijua ukubwa wake kabla haijafutwa. Muda haukutosha kuchukua zote, kaka. Niliambiwa nichague. Nilichukua za katikati, zinazomtoa msichana na kumtia ndani aliyefanya hivi. Za mwisho niliziacha mimi."

Mgane alimtazama. Hakusema neno lile alilokuwa akiwaambia watu kwenye benchi. "Huyo msichana yuko wapi?"

"Anachukua vitu vyake kaunta."

"Naweza kumuuliza?"

Inspekta alikwenda mwenyewe kumleta. Mpokea simu aliingia ameshika mkanda na mfuko wa nailoni wenye simu na funguo. Alipomwona mgane alisimama pale pale mlangoni, akarudi hatua moja.

"Karibu, dada," mgane alisema. Alinyanyuka kumpa kiti. "Mimi ni mume wake."

"Pole, kaka. Pole sana. Mimi..."

"Alikuwa anakuambia uniambie kitu. Sauti imekatika hapo. Ni nini?"

Msichana alikaa. Aliweka mfuko chini. Inspekta alivuta karatasi ya maelezo, akaandika tarehe na saa.

"Alisema, mwambie mume wangu, lakini baadaye. Nilitaka kukupigia pale pale," msichana alisema. "Nilimwomba namba yako. Akakataa. Akasema, usimpigie sasa. Yuko juu ya ngazi. Anapaka dirisha la juu, na simu ikiita huwa anaachia mkono mmoja. Ngoja ashuke. Nikamwambia, mama, hii ni dharura. Akasema, hata hivyo. Ngoja ashuke kwanza. Alirudia mara mbili. Baada ya hapo nilisikia pumzi tu. Nilikaa nayo mpaka ikaisha."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Jumatatu ulikuwa unapaka wapi?" alimuuliza mgane. "Hukulitaja hilo kwenye maelezo yako."

"Hakuna aliyeniuliza." Mgane alikuwa anaitazama mikono yake. "Shule. Ghorofa ya tatu, dirisha la mwisho. Asubuhi nilimwambia, leo nitakuwa juu kutwa nzima."

Inspekta aliandika yote, neno kwa neno. Alipomaliza aliisogeza karatasi mezani ili msichana asaini. Mgane aliweka kiganja juu ya karatasi kabla kalamu haijafika.

"Bado, dada," alisema. "Niambie tena. Kuanzia pale ulipomwomba namba yangu."